Kwa Nini Utabiri wa Joto Hukosea Milimani

Na Kiranja wa Shamba, Kidato cha Nne

Wengi wenu mwaikumbuka asubuhi ile ya Julai 2024 tulipoamka tukakuta viazi vyetu vya bondeni vimekuwa vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Waliojiunga nasi mwaka huu wamekwisha kusimuliwa, maana muhula ule wote hatukuonja kiazi, ila maharage juu ya maharage. Mimi ndimi niliyeamuru kwamba viazi visifunikwe. Jioni ile Mwalimu wa zamu alinisomea utabiri katika simu yake, nao ulisema kwamba joto la chini kabisa la usiku litakuwa digrii 7. Kwa digrii 7 kiazi hakidhuriki. Basi niliwaambia wenzangu waziache nyasi kavu pale pale zilipo, tukaenda zetu masomo ya usiku.

Kulipokucha tulibishana sana. Wako waliosema kwamba ule ni ugonjwa wa ukungu wala si baridi, nao walikuwa na shahidi. Mzee wetu mlinzi, ambaye hukesha langoni juu kabisa ya kilima, aliapa kwamba usiku haukuwa na baridi ya kupita kawaida. Hata koti lake la pili hakulivaa. Lakini wapishi walioshuka mtoni alfajiri kuchota maji walisema nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe, tena zikilia chini ya viatu. Weupe ule ni umande ulioganda, ambao vitabuni huitwa sakitu, na hapa kwetu watu husema barafu tu. Simu ilisema 7, mlinzi alisema kawaida, wapishi walisema barafu. Niliona ni lazima mmoja wao awe mwongo, na kwa kuwa simu haina wa kuitetea, nikaitupia simu lawama zote.

Nilipokwenda kumlalamikia Mwalimu wetu wa Jiografia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Kiranja, digrii saba za wapi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa mwaka mzima.

Watu wengi hudhani kwamba utabiri wa simu hutoka kwa mtu aliyeyatazama mawingu ya kwetu. Sivyo. Hutoka katika hesabu inayofanywa na kompyuta kubwa sana zilizo mbali, na hesabu hiyo huitwa modeli. Hewa yote inayoizunguka dunia hugawanywa katika miraba, kama mtu anavyogawanya shamba kwa kamba, na juu ya kila mraba hupangwa tabaka juu ya tabaka, kama sahani kabatini. Kila kisanduku hupewa tarakimu zake: joto lake, upepo wake, unyevu wake, na mgandamizo wa hewa yake. Kisha kompyuta hutumia kanuni za fizikia kukokotoa tarakimu hizo zitakuwaje baada ya dakika chache, halafu dakika chache tena, mpaka zifike siku nyingi mbele.

Aliyeijaribu hesabu hii mapema kwa bidii ni Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akiendesha gari la wagonjwa huko Ufaransa, naye alikokotoa kwa mkono jinsi hewa ya Ulaya ilivyopaswa kubadilika kwa saa 6 za tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilikuwa kwamba mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145. Kumbe siku ile haukubadilika ila kidogo sana! Alikosea vibaya, lakini hakuficha. Kosa lake alilichapa kitabuni mwaka 1922, watu wote walisome. (Nami nimejipa moyo kwa mfano huo.) Miraba yake ilikuwa na upana wa kilomita 200 hivi. Siku hizi modeli kuu ya Kituo cha Ulaya cha utabiri ina miraba ya kilomita 9 hivi, tangu mwaka 2016, na modeli ya Marekani ya dunia nzima ina miraba ya kilomita 13 hivi.

Kilomita 9 ni kitu kidogo kwa mtu akaaye kwenye tambarare. Kwetu milimani ni nchi nzima. Maana kanuni ya modeli ni kwamba mraba mmoja una ardhi moja yenye mwinuko mmoja. Vilele, miteremko na mabonde yote yaliyomo hupondwa pamoja kama viazi vya kuponda, na utabiri hutolewa kwa ajili ya ardhi hiyo iliyopondwa, ambayo hakuna mtu aliyepata kuikanyaga.

Ubaya wake waonekana mara mtu akumbukapo kwamba hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kilimanjaro hutuonyesha jambo hili vizuri. Mjini Moshi, mita 800 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto la mwaka ni digrii 23 hivi. Juu ya Kibo, ambako mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka kituo cha kupimia hewa penye barafu, wastani ni kama digrii 7 chini ya sifuri. Tofauti ni digrii 30 kwa mita 5,000. Gawa mwenyewe utapata 6. Sasa chukua kibanda cha Kibo, wanakopumzika wapandaji kabla ya safari yao ya mwisho usiku. Kipo mita 4,720, na kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Kwa mstari ulionyooka vimeachana kilomita 4 hivi tu, yaani vyaweza kuingia pamoja katika mraba mmoja wa modeli. Lakini kwa mwinuko vimeachana mita 1,175, nazo ni digrii 7 za joto. Jibu moja la mraba haliwezi kuwa sahihi kwa wote wawili.

Hata mimi jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Kwetu ni Usangu, nchi ya mpunga na ya joto. Kila nirudipo shuleni napanda kutoka Chimala kwa barabara ile ya kona 57, ambayo watu huiita Hamsini na Saba, na kabla kona hazijaisha nimekwisha kuvaa sweta. Uwanda wa Usangu uko mita elfu moja na zaidi kidogo. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi. Kwa hesabu yetu hizo ni digrii 9, kwa safari ambayo ndege angeimaliza kabla hajachoka.

Kosa hili la mwinuko lina dawa yake, na dawa yenyewe ni hesabu ya darasani. Ukiujua mwinuko wako na mwinuko wa mraba, chukua tofauti, zidisha kwa 6, gawa kwa 1,000, kisha ongeza au punguza. Baadhi ya programu za simu hufanya hivyo zenyewe. Nilipofika hapa nilifurahi, nikadhani nimekwisha kumjibu Mwalimu.

Mimi na wenzangu wawili tuliomba ramani ya mizani ya 1:50,000. Katika ramani hiyo kilomita 9 ni sentimita 18. Tuliuchora mraba, shule katikati (mistari ya modeli yenyewe inapita wapi hatukuwa na njia ya kujua), tukaugawa katika vyumba 100, tukausoma mwinuko katikati ya kila chumba, tukajumlisha, tukagawa kwa 100. Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi mbili na ugomvi mmoja. Wastani ulikuwa mita 2,040. Lango la shule liko mita 2,150. Na shamba letu la bondeni, yaani kinyungu chetu, liko mita 2,030.

Msomaji na asimame hapa kidogo, kama sisi tulivyosimama. Kinyungu kilipitana na wastani wa mraba kwa mita 10 tu, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya digrii. Kwa upande wa mwinuko, simu ilikuwa imesema kweli kabisa juu ya kinyungu kuliko mahali pengine popote shuleni. Na hapo ndipo viazi vilipokufa. Basi dawa yangu haikuponya kitu.

Ikabidi tupime. Mwalimu wa Fizikia alitupa vipimajoto 4. Kwanza tulivitia vyote katika ndoo moja ya maji, tukaona kimoja chasoma digrii 1 zaidi ya wenzake. Tuliliandika kosa lake tukawa tunaliondoa kila mara. Kimoja tulikitundika langoni, cha pili mteremkoni penye maabara, cha tatu kinyunguni, vyote mita moja na nusu juu ya ardhi. Cha nne tulikilaza juu ya nyasi pale pale kinyunguni. Tuliruhusiwa kwenda kusoma saa 11 alfajiri, siku za mwisho wa juma tu, tena watu watatu pamoja.

Usiku mmoja wa Agosti mbingu ilikuwa safi, nyota tele, wala jani halikutikisika. Langoni tulisoma digrii 8, maabara digrii 5, kinyunguni sifuri, na juu ya nyasi digrii 3 chini ya sifuri. Juma lililofuata kulikuwa na mawingu mazito tangu jioni. Langoni digrii 9, maabara 9, kinyunguni 10, na juu ya nyasi 9.

Usiku wa mawingu hesabu ya mwinuko ilitimia: bonde liko mita 120 chini ya lango, nalo likawa na joto zaidi kidogo. Usiku wa nyota mambo yaligeuka juu chini. Mwenye kusahihisha kwa mwinuko angesema kwamba bonde litakuwa na joto zaidi kwa digrii 0.7, na kumbe lilikuwa na baridi zaidi kwa digrii 8. Hesabu iliyo sawa mlimani Kibo, bondeni kwetu ilituelekeza njia ya kinyume. Na mzee mlinzi, ambaye wengine walimcheka, alikuwa amesema kweli tupu: kwake langoni kulikuwa na digrii 8.

Sababu yake si ngumu. Kila kitu chenye joto hulitoa joto lake kwa mnururisho, hata kisipogusana na kitu kingine. Ndiyo maana ukikaa mbele ya moto uso wako huungua ilhali mgongo una baridi. Usiku ardhi hulitoa joto lake kuelekea mbinguni. Kukiwa na mawingu au unyevu mwingi hewani, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa, kama mtu aliyejifunika blanketi. Lakini miezi ya Juni, Julai na Agosti katika milima hii hewa ni kavu na usiku mwingi hauna wingu, basi joto jingi hupotea. Ardhi hupoa, nayo hewa inayoigusa hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, kwa hiyo huteremka polepole kando ya kilima kama maji, bila kelele, mpaka bondeni. Bonde letu lina mdomo mwembamba pale penye daraja, basi hewa hiyo haipati njia ya kutoka upesi, hujaa kama maji bwawani. Asiyesadiki na ashuke kinyunguni usiku usio na upepo: atasikia miguu yake imeingia katika baridi kabla ya uso wake. Ule mpaka waweza kuupita kwa hatua kumi.

Huko Austria, karibu na Lunz, kuna shimo kubwa la mlimani liitwalo Grünloch, katika mwinuko usiofika mita 1,300. Mwaka 1932 palipimwa humo digrii 52.6 chini ya sifuri, baridi ambayo vilele virefu vya nchi ile havijui. Hata mimea imepinduka: miti iko juu kandokando ya shimo, na chini kabisa ni nyasi tu, kwa sababu mche wa mti hauwezi kuishi ndani ya ziwa lile la hewa baridi.

Sasa, je, modeli hailijui jambo hili? Wataalamu wanalijua sana, na kanuni zake zimo katika hesabu. Lakini kanuni haiwezi kufanya kazi mahali ambapo bonde halipo. Kinyungu chetu kina upana wa mita 200. Mraba wa modeli una mita 9,000. Mabonde 45 kama letu yangeweza kulazwa sambamba ndani yake, na modeli isione hata moja, kwa kuwa kwake ardhi yote ni meza. Hewa ya mezani haina pa kuteremkia. Uswisi, ambayo ni nchi ya milima kama kwetu, wana modeli yao yenye miraba ya kilomita 1 hivi, nayo huyaona mabonde makubwa. Letu isingeliona, maana mraba mmoja hautoshi kuchora bonde, kama nukta moja isivyotosha kuandika herufi. Yatakiwa miraba kadhaa, mmoja wa huku, mmoja wa kule, na mingine ya katikati.

Liko na jambo la utulivu. Hewa ya usiku isiyo na upepo hujipanga, baridi chini na joto juu, wala haichanganyiki. Modeli kwa kawaida huichanganya zaidi ya inavyostahili, mithili ya mpishi asiyeacha kukoroga, na kwa hiyo baridi ya chini huonekana ndogo kuliko ilivyo. Zaidi ya hayo, katika ile modeli ya Ulaya tabaka la chini kabisa liko kama mita 10 juu ya ardhi; joto la mita 2, ambalo ndilo tunalosomewa, hukadiriwa kutoka hapo. Na kiazi hakikai mita 2 juu ya ardhi. Mwaona katika vipimo vyetu kwamba kati ya kipimajoto kilichotundikwa na kile kilicholala nyasini palikuwa na digrii 3. Jani la kiazi huanza kufa likifika digrii 2 hivi chini ya sifuri, basi hizo digrii 3 peke yake zatosha kuleta tofauti kati ya mavuno na maharage.

Mchana nao una makosa yake, ambayo nitayagusa tu. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo miteremko inayoitazama kaskazini hupata moto zaidi, na ile ya kusini hukaa kivulini muda mrefu. Modeli huigawia yote jua la wastani. Tena vituo vya kupimia hewa ni vichache milimani, na vingi huwekwa penye uwanja tambarare, kama viwanja vya ndege, ambapo hapafanani na bonde wala na kilele. Kompyuta haiwezi kusahihishwa na kipimajoto kisichokuwapo.

Je, tufanyeje? Mwanzoni nilipendekeza kwamba kila utabiri upunguzwe digrii 7 kwa ajili ya kinyungu, na jambo likaisha. Ulipofika ule usiku wa mawingu nilijiona mjinga, maana kinyungu kilikuwa na digrii 10. Kosa la bondeni si tarakimu moja ya kuondoa kila siku. Huja na anga safi na utulivu, huondoka na wingu au upepo. Kwa hiyo sasa twautumia utabiri wa simu kwa yale unayoyajua vizuri, yaani kama usiku utakuwa na mawingu au upepo, na digrii za kinyunguni twaziuliza kinyungu chenyewe. Viazi vya mwaka huu tumevipanda mteremkoni chini ya maabara. Kinyunguni tumeweka kabichi, ambazo huvumilia baridi zaidi, na vitalu viwili tu vya viazi.

Zamu ya jioni hushuka saa 3 usiku kusoma kipimajoto. Kikiwa chini ya digrii 6, na nyota zaonekana, na moshi wa jikoni wapanda wima bila kupinda, kengele hupigwa na vitalu hufunikwa kwa nyasi kavu, ili majani ya viazi yasiitazame mbingu. Julai hii ya 2025 kengele imepigwa usiku mara 5. Mara 3 tulikuta sakitu asubuhi juu ya nyasi tulizofunikia, na chini yake viazi vizima. Mara 2 wingu lilikuja usiku wa manane, nasi tulikuwa tumetoka vitandani bure, na maneno niliyoambiwa bwenini siwezi kuyaandika katika gazeti hili.

Daftari la vipimo liko kwa kiranja mpya wa shamba wa Kidato cha Tatu, pamoja na vipimajoto vyote 4. Kile kinachozidisha digrii 1 kimefungwa uzi mwekundu.